Swali la Kila Mwezi: Kura ya Imani Katika Taifa Lisilo na Askari

Je, unataka Serikali iliyopo iendelee kushika madaraka?

Swali hilo huwasubiri wabunge wa Cosa, baraza la chini la Ufalme wa Talossa, katika kila toleo la Clark. Clark ni waraka wa miswada na kura unaotoka mwezi hadi mwezi Bunge likiwa katika kipindi chake cha kazi. Mbunge anajibu ndiyo au hapana. Muda wa kupiga kura ukiisha na hapana zikawa nyingi kuliko ndiyo, sheria mama inamtaka mfalme alivunje Baraza na kuitisha uchaguzi. Hakuna haja ya kuzunguka kutafuta saini za kuunga mkono hoja, wala hakuna spika wa kuitupa hoja hiyo kwa kasoro ya kanuni. Swali linakuja lenyewe, kama mwezi unavyoandama, na Serikali iliyofanya vizuri hulikuta sawasawa na ile iliyoboronga.

Talossa ni kile nitakachokiita hapa kijitaifa: nchi iliyojitangaza yenyewe, yenye sheria mama, bendera na viongozi, lakini isiyotambuliwa na dola yoyote. Ilianza tarehe 26 Desemba 1979 katika jiji la Milwaukee, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, pale Robert Ben Madison, kijana wa miaka 14, alipotangaza kwamba chumba chake cha kulala ni ufalme. Jina alilichukua katika Kifini, ambako talossa ni kusema "ndani ya nyumba". Mwaka uliofuata akaanza kuutungia ufalme huo lugha yake. Katikati ya miaka ya 1990 Talossa ikaingia kwenye intaneti, na watu ambao hawakumfahamu mwanzilishi wala hawajawahi kukanyaga Milwaukee wakaanza kuomba uraia. Kilichozaliwa chumbani kikawa jumuiya yenye vyama vya siasa, mahakama, na Bunge la mabaraza mawili liitwalo Ziu: Cosa yenye viti 200 na Senäts yenye seneta mmoja kwa kila jimbo. Kiongozi wa Serikali, yaani waziri mkuu wao, huitwa Seneschal.

Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza huuliza: Serikali isiyo na polisi wala gereza inaangushwaje? Ikianguka, kinachoanguka ni nini hasa? Ni maswali ya haki na hayastahili kujibiwa kwa hasira. Jibu langu ni kwamba kura ya imani ndani ya kijitaifa ina uzito kuliko ile ya dola kamili. Dola ikipoteza imani ya Bunge lake, bado kuna vitu vingine vinavyoishikilia isimame. Kijitaifa hakina kitu kingine.

Tuuchukue mwaka uleule wa 1979. Usiku wa tarehe 28 Machi, miezi tisa kabla ya Madison kutangaza ufalme wake, Serikali ya James Callaghan nchini Uingereza ilishindwa kwa tofauti ya kura moja, 311 kwa 310. Mbunge wa chama chake, Sir Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa sana. Iliogopwa kwamba safari ya kwenda London ingemuua, akaachwa nyumbani. Frank Maguire, mbunge wa kujitegemea kutoka Ireland Kaskazini, alifunga safari hadi bungeni ili aonekane kwa macho kwamba hapigi kura. Uchaguzi wa Mei ukamleta Margaret Thatcher, na siasa za Uingereza zikachukua mkondo mwingine kwa miaka mingi. Hata hivyo, kulipokucha tarehe 29 Machi dola ya Uingereza ilikuwa palepale. Mahakama ziliketi, kodi iliendelea kudaiwa, na askari alijua anapokea amri kutoka kwa nani. Serikali ilianguka ndani ya nyumba iliyobaki imesimama.

Kwenye kijitaifa nyumba hiyo haipo. Anayeingiza raia wapya kwenye daftari ni mtu wa kujitolea. Anayehesabu kura naye ni wa kujitolea, na anayeandika sheria hufanya hivyo jioni baada ya kazi inayomlisha. Hakuna anayeweza kumlazimisha hata mmoja wao aendelee kesho. Siku watakapoona Serikali hiyo si yao, hawatahitaji mapinduzi. Wataacha tu kufungua barua, na taifa litakuwa limekwisha bila tangazo.

Vijitaifa vilivyojishikiza kwenye ardhi vimekuwa na vifo vya aina nyingine. Mhandisi Giorgio Rosa alijenga jukwaa baharini nje ya Rimini na mwaka 1968 akalitangaza kuwa jamhuri. Italia ikalikamata mwaka huohuo na kulilipua mwaka uliofuata. Leonard Casley alijitenga na Australia mwaka 1970 kwa sababu ya mgao wa ngano aliouona wa dhuluma, akaliongoza shamba lake kama utawala wa kifalme wa Hutt River hadi 2017, na mwaka 2020 warithi wake wakakunja bendera huku deni kubwa la kodi likiwalemea. Hao waliangushwa na dola zilizowazunguka. Talossa inadai sehemu ya Milwaukee, lakini hakuna anayekwenda kuidai kwa nguvu, na kwa hiyo hakuna anayekuja kuinyang'anya. Hatari yake haitoki nje. Inatoka kwa raia wake kuchoka, kununa na kunyamaza, na dhidi ya hatari ya namna hiyo sijaona kinga bora kuliko kuwauliza mara kwa mara kama bado wako pamoja.

Mahali ambapo swali hilo haliulizwi, jibu hutafuta njia yake. Sealand ni mnara wa vita uliojengwa na Uingereza baharini wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao Paddy Roy Bates, meja mstaafu, aliuteka mwaka 1967 na kuufanya utawala wake wa kifalme. Agosti 1978 Alexander Achenbach, Mjerumani aliyekuwa na cheo cha waziri mkuu wa Sealand, alipanga watu kutoka Ujerumani na Uholanzi wakauvamia mnara Bates akiwa hayupo, wakamshika mateka mwanawe Michael. Kikulacho ki nguoni mwako. Bates alikusanya watu wake, akaurudisha mnara mikononi mwake na kumzuia mmoja wa wavamizi aliyekuwa na pasipoti ya Sealand, hadi Ujerumani Magharibi ikalazimika kumtuma mwanadiplomasia kwenda kumwombea mtu huyo. Habari hii husimuliwa kama kituko. Mimi naiona kama kisa cha kusikitisha cha kikatiba. Waziri mkuu na mtawala wake walifikia mahali pa kutokubaliana, na hapakuwa na chombo chochote kati yao ambacho kingeweza kusema nani ana haki ya kuendelea. Silaha zikawa ndizo kura.

Sasa nirudi Talossa, kwenye ule uamuzi wa kuliweka swali la imani ndani ya kila Clark. Nadhani waliobuni utaratibu huo walielewa jambo ambalo wasomi wa katiba za nchi kubwa hawalazimiki kulifikiria, nalo ni aibu.

Katika Bunge la watu 600, mbunge anayesimama kutoa hoja ya kutokuwa na imani anasimama nyuma ya chama, bendera na desturi ya karne kadhaa. Haimgharimu urafiki. Waziri mkuu anayeshambuliwa hajawahi kumwandikia barua ya pole alipofiwa. Katika jumuiya ya watu mia chache, ambao wenye bidii kati yao ni wachache zaidi, kila anayetoa hoja anamtolea mtu anayemfahamu. Wamewahi kushirikiana kutunga sheria ya uraia. Wamekesha wakibishana juu ya sarufi ya lugha yao. Hoja ya kutokuwa na imani, hata ikiandikwa kwa maneno laini kiasi gani, itasomwa kama tusi: wewe, fulani, umeniona sifai. Basi watu hunyamaza. Manung'uniko yanahamia kwenye mazungumzo ya pembeni, kundi fulani linajitenga kidogo, wengine hawajibu tena barua, na siku hoja inapotolewa hatimaye, haiwi tena hoja ya kisiasa. Inakuwa mlipuko wa uchungu wa mwaka mzima.

Swali linalokuja lenyewe linaondoa mzigo huo. Hakuna anayekuwa wa kwanza kushitaki, kwa sababu hakuna mashitaka. Kuna karatasi, na wote wameipata siku moja. Mbunge anaweza kusema hapana mwezi huu kwa sababu bajeti ya muda na nguvu za watu imetumika vibaya, kisha akasema ndiyo mwezi ujao, na asiwe amemvunjia mtu heshima. Upinzani unasema hapana kama kawaida yake na hakuna anayeshtuka. Hata mbunge wa chama tawala anapata mahali pa kuonyesha wasiwasi kabla wasiwasi haujawa chuki. Kati ya yote niliyosoma kuhusu mabunge madogo, sijakutana na fundisho linalonigusa kuliko hili: kwamba ukiifanya kauli ya "hapana" iwe jambo la kawaida, unaifanya isiue.

Kuna busara ya pili, na hii inamhusu mfalme. Sheria haimpi nafasi ya kutafakari. Hapana zikizidi, analivunja Baraza. Kwa nini hilo ni muhimu? Tazama yaliyotokea Kanada mwaka 1926. Waziri Mkuu Mackenzie King, akiona kura inamwendea vibaya, alimwomba Gavana Mkuu, Lord Byng, aliyemwakilisha mfalme wa Uingereza, alivunje Bunge. Byng akakataa, akampa Serikali Arthur Meighen, ambaye naye aliangushwa baada ya siku chache kwa kura moja. Kanada ilibishana juu ya hiari ile ya Byng kwa miaka, na Byng alikuwa mtu wa mbali, aliyetumwa kutoka ng'ambo, asiye na chama ndani ya nchi ile. Katika kijitaifa, mkuu wa nchi mara nyingi ndiye aliyekiasisi, au ni rafiki wa aliyekiasisi. Anawajua wabunge kwa majina yao ya utani. Mpe mtu huyo hiari ya kuamua kama Serikali iliyoshindwa ivunjiwe Baraza au iokolewe, na umemfanya mgombea katika kila mgogoro. Kumfunga mikono ni kumlinda.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoishia, kwa maana utaratibu huu una ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni mazoea. Kitu kinachokuja kila mwezi huacha kusikika. Mbunge anafungua waraka, anaandika ndiyo juu kabisa kama anavyoandika jina lake, kisha anashuka kwenye miswada. Baada ya miezi mitano ya namna hiyo, ile ndiyo haina kitu ndani yake. Seneschal anaipokea kama mshahara wa kila mwezi, na siku ambayo hapana zinapoanza kuongezeka hana sikio la kuzisikia.

Kibaya zaidi ni kimya. Rudia kuisoma kanuni: Serikali inaanguka pale hapana zinapozidi ndiyo. Asiyejibu hahesabiwi popote. Piga hesabu ya kubuni ndani ya Cosa la viti 200. Tuseme ndiyo ni viti 60, hapana ni viti 50, na viti 90 havikujibu. Serikali imepita. Imepita kwa imani ya chini ya theluthi moja ya Baraza, na kumbukumbu zitaandika kwamba ilipata ushindi. Ongeza jambo jingine: Talossa hugawa viti 200 kwa vyama kulingana na kura, kisha mtu mmoja anaweza kukalia viti vingi. Kwa hiyo mbunge mmoja akipata mtoto, akiugua au akibadilisha kazi, viti kumi au ishirini vinanyamaza kwa pamoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee, na ndani ya Baraza la namna hii mshindo huo unaweza kuiokoa Serikali isiyo na watu nyuma yake, au kuiangusha Serikali ambayo watu wake wamechelewa tu kurudi safarini.

Nakumbuka hapa Sir Alfred Broughton. Chama chake kilipima uhai wa mtu mmoja dhidi ya uhai wa Serikali, kikachagua cha kwanza, na sijui kama kuna uamuzi wa heshima zaidi uliofanywa katika usiku ule. Kwenye Bunge linalopiga kura kwa ujumbe, mgonjwa angepiga kura akiwa kitandani. Ni neema kubwa, lakini pia inafanya kutokuwepo kuwa na maana tofauti. Mbunge wa London asipoonekana, tunauliza nini kimempata. Mbunge ambaye angehitaji dakika tatu tu kuandika neno moja, na siku nyingi za kuzipata dakika hizo, asipoliandika, amesema jambo. Huenda hakukusudia kulisema. Bado ni wajibu wa Serikali kulisikia.

Ningependa basi kuona vijitaifa vyenye kura ya imani vikihesabu kimya na kukitangaza. Matokeo yasiishie kwenye ndiyo na hapana. Yaandike na viti ambavyo havikujibu, kwa idadi, juu kabisa. Tena, ndiyo zikishuka chini ya nusu ya viti vyote kwa miezi miwili mfululizo, kiongozi wa Serikali alazimike kuja mbele ya Baraza kutoa taarifa na kujibu maswali, hata kama hapana hazijamzidi. Isiwe adhabu. Iwe kama daktari anavyomwita mgonjwa ambaye hajalalamika ila vipimo vyake havimpendezi.

Vilevile kiongozi asingoje kuitwa. Nikipewa nafasi ya kushauri jambo moja tu kwa Seneschal yeyote, au waziri mkuu wa kijitaifa kingine chochote, ningesema: kila swali la imani linapotoka, weka kando yake ukurasa mmoja wa taarifa. Mwezi huu tuliahidi haya. Tumefanya haya. Haya yametushinda, kwa sababu hii. Bila ukurasa huo mbunge anaulizwa kama ana imani na kitu asichokiona, na imani ya namna hiyo inabaki kuwa urafiki tu. Urafiki ni mzuri sana, lakini Serikali inayoishi kwa urafiki peke yake itakufa siku marafiki watakapogombana.

Suala gumu kuliko yote ni kinachofuata baada ya hapana kushinda. Kanuni ya Talossa inakwenda moja kwa moja kwenye uchaguzi. Ina uzuri wa kuwarudishia wananchi neno, na ina gharama ambayo nchi kubwa haiielewi. Uchaguzi unakula nguvu za watu walewale wachache: ndio wagombea, ndio waandishi wa ilani, ndio wapiga kampeni, na baadhi yao ndio wasimamizi. Taifa lenye wanaojitolea ishirini halina ishirini wengine wa akiba. Chaguzi mbili za dharura katika mwaka mmoja zinaweza kuwachosha kiasi kwamba atakayeshinda hatakuwa na mtu wa kufanya naye kazi.

Ujerumani ilijibu swali hilo kwa njia nyingine. Waandishi wa Sheria ya Msingi ya 1949, ambayo ndiyo katiba yao, walikumbuka jinsi serikali za Weimar, jamhuri ya Ujerumani ya kabla ya Hitler, zilivyoangushwa na vyama visivyopatana katika lolote ila kumchukia aliyepo. Ibara ya 67 ikaweka sharti: huwezi kumwondoa Kansela, yaani mkuu wa Serikali, bila, katika kura ileile, kumchagua mrithi wake kwa wingi wa wabunge wote. Aprili 1972 Rainer Barzel alijaribu kumng'oa Willy Brandt akapata kura 247 alipohitaji 249, na Brandt akabaki. Tarehe 1 Oktoba 1982 Helmut Kohl alipata 256 na Helmut Schmidt akaondoka siku hiyohiyo. Siku hiyo hapakuhitajika uchaguzi, wala hapakuwa na ofisi tupu. Kwa jumuiya inayoogopa kuchosha watu wake, utaratibu huo unavutia.

Ninasita kuuiga wote, na sababu yangu iko Nauru. Nauru si kijitaifa. Ni nchi huru tangu 1968 na mwanachama wa Umoja wa Mataifa tangu 1999. Lakini ni ndogo mno, kilomita za mraba 21, na Bunge lake la watu kumi na kitu linatuonyesha kura ya imani inavyotenda pale ambapo mtu mmoja akihama upande mizani yote inapinduka. Novemba 2011 nchi hiyo ilikuwa na marais watatu ndani ya takriban wiki moja: Marcus Stephen alijiuzulu, Freddie Pitcher akachaguliwa na kuondolewa baada ya siku tano, Sprent Dabwido akaingia. Wananchi hawakuulizwa kati yake. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limegawanyika tisa kwa tisa, uchaguzi ukafanyika Aprili na tena Juni, na mgogoro ukadumu kwa miezi kwa kuwa hakuna upande uliotaka kumtoa mtu wake awe spika na kupoteza kura yake. Na Oktoba 2023 Russ Kun aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, David Adeang akashika nafasi. Serikali ikiweza kubadilishwa kwa kumshawishi mtu mmoja, ushawishi unakuwa ndiyo kazi ya Bunge.

Ninachopendekeza kiko katikati. Hapana zikishinda, Baraza lipewe siku chache, tuseme 14, kama Uingereza ilivyofanya chini ya sheria yake ya 2011 kabla ya kuifuta mwaka 2022. Ndani ya siku hizo, kiongozi mwingine akipata ndiyo za zaidi ya nusu ya viti vyote, achukue Serikali. Asipopatikana, wananchi waitwe. Tena mlango huo ufunguliwe mara moja tu katika uhai wa Baraza moja. Wakiangusha tena, hakuna kubadilishana viti, ni uchaguzi. Hivyo waliochoka wanapumzishwa bila wapiga kura kusahauliwa. Wapo watakaosema kwamba ninaharibu usafi wa kanuni ya zamani. Ninauheshimu usafi huo, lakini nimeona jumuiya nyingi za kujitolea zikifa na katiba safi mkononi.

Hata kanuni iliyotungwa vizuri kuliko zote haiwezi kumzuia aliyeshindwa asiondoke. Raia wa dola akishindwa kwenye uchaguzi anaamka ndani ya nchi ileile. Anaweza kukasirika, lakini hati ya nyumba yake, shule ya wanawe na kodi yake viko palepale. Raia wa kijitaifa anafunga dirisha la kompyuta na uraia wake umekwisha. Ndiyo maana mimi huihesabu kura ya imani mara mbili: mara ya kwanza matokeo yanapotangazwa, mara ya pili mwezi mmoja baadaye, nikitazama ni wangapi kati ya walioshindwa bado wanaandika, bado wanapiga kura, bado wanabishana. Hesabu ya pili ndiyo yenye ukweli. Na huamuliwa zaidi na mwenendo wa aliyeshinda: kama alimpongeza mpinzani wake, kama alimwachia kazi aliyokuwa akiifanya vizuri, kama alijizuia kumsimanga.

Talossa ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2004 kundi la raia, baada ya kutofautiana na Mfalme Robert, lilijitenga na kutangaza Jamhuri ya Talossa. Hapakuwa na swali kwenye Clark ambalo lingewawezesha kusema walichotaka kusema, maana Clark huuliza juu ya Serikali na haikuuliza juu ya mfalme. Kwa hiyo walijibu kwa miguu. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe akaachia kiti, na mwaka 2007 ufalme ukapata mfalme mwingine. Kwa miaka minane Talossa zikawa mbili, kila moja na sheria zake, zikitumia lugha moja iliyoanza kutungwa na kijana mmoja mwaka 1980.

Aprili 2012 zikaungana. Waliokuwa wa jamhuri walirudi chini ya taji walilolikataa, na wale waliobaki waliwapokea watu ambao miaka minane nyuma walikuwa wamewaita wasaliti au wameitwa nao mabaya zaidi. Vyama vikajipanga upya ndani ya Cosa ileile ya viti 200. Kisha Clark ikatoka, na juu yake, kwa waliorudi na kwa waliobaki, lilikuwapo swali lilelile la ndiyo au hapana.